Mshono wa Kibuyu

Mwaka 1970, nilipoandikishwa darasa la kwanza pale Gulwe, Ugogo, mwalimu wa zamu alitukagua vitu vitatu kila Jumatatu asubuhi: kucha, ufagio na chombo cha maji. Shule haikuwa na bomba. Bustani ya mchicha na miche ya miti ilinyweshwa kwa maji tuliyoyabeba wenyewe kichwani. Ilikuwa miaka ya Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa 1967, na sisi watoto tuliuelewa kwa shingo kabla ya kuuelewa kwa akili. Mimi nilibeba kibuyu. Rafiki yangu wa dawati moja alibeba kopo la maziwa ya unga lililotobolewa pande mbili na kutiwa waya. Wawili watatu waliotoka nyumba zenye uwezo walikuja na madebe madogo.

Mwaka 1983 nilirudi kwenye mstari uleule wa ukaguzi, safari hii nikiwa mwalimu. Vibuyu vilikuwa vimebaki vichache, na mwaka hadi mwaka nikavihesabu vikipungua mpaka mstari mzima ukawa wa vidumu vya plastiki, vya njano, vyeupe, vya buluu, kila kimoja jina la mwenyewe limechomwa ubavuni kwa msumari wa moto. Hata msemo ukabadilika. Mzazi akimwandaa mtoto kwenda shule alisema, "Kidumu na ufagio umechukua?" Nilistaafu 2022. Ninachoandika hapa nimekiona nikiwa mkaguliwa, kisha nikiwa mkaguzi.

Naandika kwa sababu naumia ninaposikia watu wanafundishwa kutumia tena vyombo vya plastiki kana kwamba ni elimu mpya iliyotujia juzi pamoja na habari za mazingira. Mama aliyekata dumu bovu akapata kata ya kuchotea maji, faneli ya kumiminia mafuta na sahani ya kunyweshea kuku hakufundishwa na semina. Alifanya alichokiona kwa mama yake, ambaye alikifanya kwa debe, naye alikiona kwa mama yake aliyekifanya kwa kibuyu. Ni mila moja iliyobadilisha vyombo.

Nianze na bibi yangu mzaa baba, kwa sababu mikono yake ndiyo niliyoitazama kwa karibu zaidi.

Kibuyu hupandwa. Mmea wake ni ule wa mung'unye, unaotambaa juu ya ua au paa la tembe, na bibi alichagua tunda la kuacha lingali changa. Alilotaka liwe na shingo nyembamba alilifunga kamba mapema likue likiwa limebanwa. Tunda likishakauka ukilitikisa unasikia mbegu zinacheza ndani. Hapo alitoboa mdomo, akajaza maji na kuliacha siku kadhaa nyama ya ndani ioze, akaitoa kwa kijiti, kisha akatia kokoto na maji akatikisa mpaka kokoto zikwangue ukuta wote. Uchungu haukutoka mara moja. Wiki za mwanzo maji yake yalikuwa na ladha inayokaa kwenye koo, na watoto ndio tuliopewa kibuyu kipya tukizoee.

Kwetu Ugogo maji yalitoka mchangani. Mto Kinyasungwe hukauka juu, lakini ukichimba katikati ya mchanga unayakuta. Bibi alikaa kando ya shimo, akachota kidogokidogo kwa ganda la buyu, akajaza kibuyu polepole ili mchanga usiingie. Safari moja ya namna ile ilikula asubuhi nzima. Kibuyu kikianguka ukiwa njiani kurudi, umepoteza maji, asubuhi, na chombo kilichochukua msimu mzima kuota na kukauka.

Ndiyo sababu kilishonwa. Nimeuona mshono ule mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuchora nikiwa nimefumba macho. Bibi aliweka msumari kwenye makaa, akatoboa matundu madogo kila upande wa ufa, jozi kwa jozi, tundu likitazamana na mwenzake. Alichukua nyuzi za gamba la mbuyu alizokwisha kuzitafuna kidogo zilainike, akapitisha kwa mshazari, akavuta mpaka kingo zibanane. Juu yake akapaka nta ya nyuki iliyopashwa moto. Kisha alijaza maji kibuyu, akakiacha usiku kucha uvunguni. "Acha kilie," alisema, maana usiku wa kwanza kibuyu kilichoshonwa huvuja. Uzi ukinywa maji unavimba, tundu linajaa, na asubuhi kinanyamaza. Alikuwa na kibuyu kimoja chenye mishono minne. Hakukiita kibovu. Alikiita kikongwe.

Debe lilifika kijijini kwa reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, na vituo vyote vilihitaji mafuta ya taa kwa ajili ya taa za ishara. Baba alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia ya reli, na madebe matupu ya stesheni yalikuwa miongoni mwa vitu ambavyo wafanyakazi walivigombea. Neno lenyewe tumelipata kwa Wahindi, walio na dabba lao, kama vile kopo tulivyolipata kwa Wareno, ambao kwao ni bilauri ya kunywea. Ukitaka kujua nani alipita pwani hii na biashara gani aliyoileta, uliza majina ya vyombo vya jikoni.

Debe la mafuta ya taa lilikuwa mali ya dunia nzima. Madebe yalisafirishwa mawili mawili ndani ya kasha la mbao, na kampuni ya Kimarekani ya Standard Oil iliijaza Asia yote kwa madebe ya rangi ya buluu. Mwaka 1892 mfanyabiashara wa London, Marcus Samuel, ambaye baadaye alianzisha Shell, alipitisha meli yake Murex katika Mfereji wa Suez ikiwa imebeba mafuta ya taa tangini, bila madebe. Hesabu yake ilikuwa kwamba mafuta yasiyo na debe yatakuwa rahisi, na wateja watakuja na vyombo vyao. Wateja hawakuja. Walilitaka debe. Walikuwa wanaezekea nalo, wanatengeneza vikombe, vichujio vya chai, hata matundu ya ndege. Samuel akalazimika kupeleka shehena za bati hukohuko Asia yatengenezwe madebe, akayapaka rangi nyekundu inayong'aa, na hapo ndipo biashara yake ikasimama. Tajiri mkubwa alifundishwa na akina mama wa jikoni kwamba chombo ni nusu ya bidhaa.

Nyumbani kwetu debe lilifunguliwa juu kwa patasi, kingo zikakunjwa ndani zisikate mikono, na kijiti cha mti mgumu kikagongomelewa katikati kiwe kishikio. Mama alipolijaza maji aliweka tawi lenye majani juu yake ili maji yasirukeruke njiani. Debe lilichemshia nguo na pombe ya mtama, lilitunza mbegu zisiliwe na panya, na likiwekewa moto chini na mfuniko wenye makaa juu, lilioka mikate ya Krismasi. Lilipotoboka kitako lilikwenda kwa fundi wa bati, akalilehemu. Lilipochoka kabisa aligeuza kila kipande kuwa kitu: koroboi yenye utambi, faneli, kopo la kunywea chai lenye mkono, keni ya kumwagilia bustani. Mabaki ya mabaki yalikuwa magurudumu ya magari ya kuchezea ya kaka zangu.

Dar es Salaam debe lilipanda juu ya nyumba. Debe moja likifunguliwa ubavu na kunyooshwa kwa nyundo hutoa kipande cha bati chenye urefu wa sentimita 94 hivi na upana wa 35. Wenye nyumba za Uswahilini waliokuwa wameezeka makuti walipigilia vipande hivyo kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki, na kwa miaka mingi ya ukoloni mapaa ya madebe yalikuwa sura ya mji, yakiwa na kutu ya rangi ya udongo. Mara ya kwanza kulala chini ya paa la namna hiyo nilikuwa na miaka tisa, kwa shangazi yangu Ilala. Mvua iliponyesha usiku sikusikia mtu akiniita.

Leo madebe ya bati ni adimu, lakini lugha haijayaachia. Anayewaita abiria stendi ni mpiga debe. Mgombea anapigiwa debe. Mahindi yanauzwa kwa debe. Hapo kwenye mahindi nataka kukaa kidogo, maana pana jambo ambalo watu wengi hawalijui, na limewagharimu wakulima jasho.

Debe la asili ni galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na pointi. Ndoo ya plastiki iliyochukua nafasi yake sokoni ni ya lita 20, ile iliyokuja na rangi au mafuta ya kupikia. Jina limebaki debe, chombo kimebadilika. Nilipofundisha hesabu darasa la sita nilikuwa nawaletea watoto vyombo vyote viwili na mchanga, tunapima. Ndoo kumi za lita 20 zinajaza madebe kumi na moja ya zamani. Maana yake mkulima anayeuza "madebe kumi" kwa ndoo ya plastiki ametoa madebe kumi na moja na kulipwa kumi. Hapo bado hujaweka kichuguu juu ya ndoo. Nimeona pia, kwa macho yangu, ndoo iliyotiwa maji ya moto ikatanuliwa tumbo. Bati halikubali kutanuliwa hivyo, plastiki inakubali. Mtoto mmoja wa darasa lile alikwenda nyumbani kumweleza baba yake, na baba akaja shuleni kesho yake na ndoo ya mnunuzi, amevaa koti lake la kanisani, akaomba nimpimie mbele ya mwalimu mkuu. Tulipima. Ilizidi. Sikumbuki somo jingine la hesabu lililonipa furaha kama lile.

Vyombo vidogo navyo vikawa vipimo. Kwetu kopo la rangi la Sadolin lilizaa sado, na mpaka leo mama sokoni anakuuliza, "Nikupimie sado au nusu?" hata kama kopo lenyewe ni la kiwanda kingine. Majirani zetu wa Kenya wana gorogoro, kopo la kilo mbili, na chombo chochote cha plastiki cha mafuta ya kupikia chenye mfuniko wanakiita kasuku, kwa jina la mafuta. Mtoto wa Kisumu au Kitui amenywea uji kwenye kasuku, ameogea kwa kasuku, ameweka kalamu kwenye kasuku.

Sasa dumu. Umbo lake lina asili ya kijeshi. Mwaka 1937 Wajerumani walibuni galoni la chuma la lita 20 kwa ajili ya petroli ya jeshi, lenye vishikio vitatu ili askari mmoja aweze kushika mawili matupu kwa mkono mmoja, na wawili waweze kusaidiana moja lililojaa. Waingereza wakati huo walipeleka petroli yao jangwani Afrika Kaskazini katika madebe mepesi ya galoni nne, binamu wa debe letu, na yalivuja vibaya njiani. Walipoteka magaloni ya Wajerumani waliyapenda, wakayaiga, na kwa kuwa Mjerumani walikuwa wakimwita "Jerry", galoni likapata jina. Ndiyo jerikeni ya Kenya na Uganda. Ukivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie utasikia bidon, la Kifaransa. Sisi Tanzania tukasema dumu, na lile dogo kidumu. Ghana, walipopata shida ya maji enzi ya Rais John Kufuor, madumu ya njano yaliitwa kwa jina lake.

Plastiki yenyewe, ile ngumu ya madumu, ilitokana na kazi ya kemia ya miaka ya 1950. Mjerumani Karl Ziegler alipata njia yake mwaka 1953 na akatunukiwa Nobel mwaka 1963. Kwa mwanamke mchota maji faida zake hazihitaji kemia. Dumu halipati kutu, halihitaji kulehemiwa, likianguka halipasuki, na lina kizibo. Hicho kizibo ndicho kilichoibadilisha nchi. Debe lilibebwa wazi, kwa shingo iliyonyooka na tawi la majani. Dumu lenye kizibo unaweza kulilaza kwenye baiskeli, manne kwa mpigo, au ishirini kwenye mkokoteni, na wanaume ambao hawakuwahi kubeba debe kichwani wakaingia katika kazi ya maji na kuifanya biashara.

Madumu hayakutufikia kwa wingi mara moja. Nilipoanza kazi tulikuwa katika miaka ya uhaba, baada ya Vita vya Kagera, na mwaka ule wa 1983 ndio uliokuwa wa msako wa walanguzi. Duka la ushirika lilikuwa na foleni, na kanuni ilikuwa moja: ukija bila chupa yako, unarudi bila mafuta. Chupa ya soda ilifichwa kabatini pamoja na nguo nzuri. Mwalimu mwenzangu alichumbiwa na kijana aliyemletea mama mkwe madumu mawili ya plastiki kutoka Dar es Salaam, na kijiji kizima kilikwenda kuyatazama. Milango ya biashara ilipofunguliwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yakaja ndani ya madumu ya njano, na ndani ya miaka kumi kila nyumba ilikuwa na njano yake mlangoni.

Serikali ilikuwa na ndoto nyingine. Mpango wa maji vijijini wa 1971 ulilenga kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulipofika, mimi na wanafunzi wangu tulikuwa bado tunapanga vidumu kwenye mchanga wa Kinyasungwe. Silaumu kwa mdomo mwepesi, najua nchi ilipitia nini. Lakini ni lazima isemwe kwamba dumu limebeba kazi ambayo bomba halikuifanya, na mgongo uliolibeba ni wa mwanamke na mtoto.

Jinsi dumu linavyoishi maisha yake nyumbani, nimelifuata moja. Lilikuja na mafuta, lita 20. Yalipokwisha lilioshwa kwa mchanga, majivu na maji ya moto mpaka harufu ikatoka, likawa la maji ya kunywa kwa miaka mitatu hivi. Lilipoanza ukijani ndani likashushwa cheo, likawa la maji ya kuoshea. Kizibo kikapotea, kigunzi cha hindi kikakaa mahali pake. Ubavu ulipopasuka likakatwa kwa mshazari kutoka begani hadi kitakoni: upande wenye kishikio ukawa kata kubwa ya kuchotea nafaka, upande wa pili ukajazwa udongo na kupandwa vitunguu vya majani dirishani. Kata ilipovunjika mdomo, mwanangu aliikata vipande vya kuzibia ndoo nyingine kwa moto. Zaidi ya miaka kumi na moja, chombo kimoja.

Baharini nako kuna ukoo wake. Mvuvi wa Pwani amefunga vidumu kwenye nyavu viwe maboya, na kidumu kilichokatwa ndicho upo wa kufulia maji ngalawani, kazi iliyokuwa ya kifuu na ya kata ya mti. Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea na kuokoana na mradi wa Panje wakishikilia madumu matupu ya njano kifuani. Picha za mafunzo hayo alizopiga Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Nilipoziona nilikumbuka watoto wenzangu ambao Kinyasungwe uliwachukua ulipofurika ghafla, na vibuyu vyetu vikaelea mbele yao hakuna aliyefikiria kuvishika.

Mila hii ina upande wake wa hatari, na nisingeusema ningekuwa nadanganya. Mdogo wangu alikunywa mafuta ya taa akiwa na miaka mitatu. Yalikuwa kwenye chupa ya soda, chini ya meza, na yeye alijua chupa ile ni ya kitu kitamu. Walimtapisha. Mganga wa zahanati alitueleza baadaye, kwa upole, kwamba kumtapisha ndiko kulikomzidishia shida, maana mafuta yakirudi juu yanaingia mapafuni. Alipona, lakini kifua chake hakikuwa kama cha wengine. Chombo kikikumbuka jina lake la zamani kwa macho ya mtoto, kinaweza kumuua. Na vipo vyombo ambavyo havisafishiki: galoni lililokuwa na dawa ya kuua wadudu shambani haliwi la maji, hata ulioshe kwa sabuni ya aina gani. Linasuuzwa mara tatu, maji yake yanamwagwa kwenye pampu ya dawa, kisha linatobolewa lisimshawishi mtu. Nimewakuta watu wakiuziwa magaloni hayo mnadani. Nimeyatoboa kwa mkono wangu baada ya kuyanunua, na watu walinishangaa.

Chini ya chombo cha plastiki kuna pembetatu yenye namba, alama zilizoanza Marekani mwaka 1988. Mbili ni plastiki ya madumu, ile ngumu isiyopitisha mwanga vizuri. Moja ni ya chupa nyembamba za maji na soda. Nilizoea kuwaonyesha watoto tofauti kwa vidole: moja inalia ukiibonyeza, mbili iko kimya. Na hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito. Dumu lilikuja na mafuta likabaki na sisi. Hii chupa namba moja imetengenezwa iishi dakika kumi. Haibebi jina la mtoto lililochomwa kwa msumari, maana msumari ukiigusa inajikunja. Waokota makopo wanapita nayo kwa viroba, wanaiuza kwa kilo, na kazi yao naiheshimu sana, lakini nyumbani haina ukoo. Mtaro wa mbele ya nyumba yangu hapa Mbagala, Dar es Salaam, umejaa namba moja. Sijawahi kuokota dumu humo.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, na tukijua siku moja zitafunguliwa, sisi walimu tulikusanya vidumu vya lita tano. Tulipofungua tarehe 29 Juni, nje ya kila darasa kulikuwa na kimoja kimening'inia kwenye mti mlalo. Tundu la msumari karibu na shingo, kamba kutoka kwenye kizibo hadi kwenye kijiti cha chini, unakanyaga kijiti kidumu kinainama, maji yanatoka kama uzi, unanawa bila kugusa kitu. Sabuni ya kipande imetobolewa katikati na kufungwa pembeni. Kidumu kimoja kilinawisha darasa zima. Kifaa hiki kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1980, na kile cha kwanza kilikuwa kibuyu cha kweli. Kiswahili kimekiita kibuyu chirizi, na jina halikubadilika plastiki ilipoingia.

Mjukuu wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini kinaitwa kibuyu wakati ni kidumu. Sikumjibu siku ile. Nilikuwa nimeshika beseni langu la kufulia lililopasuka, nikamchukua tukaenda naye Rangi Tatu, hapahapa Mbagala, kwa kijana anayeshona plastiki kando ya barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili linashoneka?"

Aliligeuza, akapitisha kidole kwenye ufa. "Linashoneka. Kaeni hapo."

Jiko lake la mkaa lilikuwa dogo kama sufuria. Alitoa waya mwembamba uliokuwa mwekundu, akatoboa matundu kila upande wa ufa, jozi kwa jozi, tundu likitazamana na mwenzake. Mjukuu alikuwa ananiangalia mimi badala ya kumwangalia fundi, kwa sababu nilikuwa nimeshika mdomo. Kijana alipitisha uzi wa nailoni uliochomolewa kwenye wavu wa zamani, kwa mshazari, akavuta mpaka kingo zikabanana. Kisha akachukua kipande cha dumu la njano, akakishika na kisu cha moto, kikayeyuka juu ya mshono kama nta.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Mama. Yeye alikuwa anashona vibuyu, kwetu Kondoa."

Nilimlipa, akaniongezea kipande cha dumu bure, cha akiba. Usiku nililijaza beseni maji mpaka ukingoni nikaliweka barazani, ingawa nailoni hainywi maji wala haivimbi. Mjukuu aliuliza linafanya nini huko nje. Nikamwambia tuliache lilie.

Asubuhi sakafu ilikuwa kavu.